Shule ya Mjerumani imebaki na popo: tuibomoe au tuipe kazi nyingine?

Safu ya wasomaji: Nyumba za Kale

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, naandika kutoka mji mdogo wa pwani mkoani Tanga. Tuna jengo la shule la mawe, la ghorofa moja, ambalo wazee wanasema lilijengwa enzi za Mjerumani. Nimesoma humo na nimefundisha humo. Wanafunzi walihamishiwa kwenye madarasa mapya ya tofali, jengo la zamani likaachiwa popo. Kabla ya hapo lilipigwa lipu ya saruji na rangi ya mafuta, lakini sasa lipu inabanduka vipande vipande na chini ya ukuta kuna unga mweupe. Sisi tuliosoma hapo tumeunda kamati na tumeanza kuchangishana kwenye kundi la WhatsApp. Wengine wanataka iwe nyumba ya wageni, kila darasa ligawanywe vyumba viwili vyenye choo ndani, ili jengo lijilipe. Wengine wanataka maktaba na ukumbi. Fundi mmoja ametuambia mawe yamekufa, tubomoe tujenge fremu za maduka. Tuanzie wapi? – Mwalimu Mstaafu, Tanga

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Mawe hayajafa. Huyo fundi mpeni chai, mshukuruni, halafu msimwachie nyundo.

Unga mweupe mnaouona ni chumvi, na aliyeipandisha ni maji. Majengo mengi ya zamani ya pwani yetu yamejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa na udongo. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu wa ardhini na kuutoa nje kupitia lipu ya chokaa, taratibu, mwaka mzima. Haujawahi kuwa mkavu kabisa na wala hauhitaji. Ulipopigwa saruji, na juu ya saruji rangi ya mafuta, ukazibwa pumzi. Maji hayakuacha kupanda. Yalipanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na yalipokauka nyuma ya lipu yakaacha chumvi. Chumvi hiyo ikiganda huumuka, na nguvu yake inatosha kubandua saruji na kuondoka na ngozi ya jiwe. Fundi wenu amemhukumu mgonjwa kwa nguo alizovalishwa.

Kabla hamjatumia hata shilingi ya mchango, fanyeni jambo ambalo halina gharama. Chukueni ufunguo mkubwa, mgonge ukuta kuanzia usawa wa kiuno kushuka chini. Panapotoa mlio wa uwazi, lipu imeshaachana na jiwe. Banduweni hapo kipande cha ukubwa wa sahani, kisha mkwaruze kilichomo katikati ya mawe kwa msumari. Kikitoka kama unga mwekundu mkavu, hiyo ni chokaa na udongo iliyochoka. Inatolewa kidogokidogo na kujazwa upya, kazi ya kawaida kabisa. Kikitoka kibichi, kimeloa, na tuko katikati ya kiangazi, hapo yapo maji yanayotoka mahali fulani na kazi yenu ni kuyatafuta.

Mara nyingi hayako mbali. Tazameni usawa wa ardhi nje ya jengo. Katika shule za zamani uwanja hupanda mwaka baada ya mwaka: vifusi vya ukarabati, udongo wa bustani, takataka zilizofagiwa ukutani na kuachwa hapo, na siku moja akatokea mtu akamwaga jamvi la saruji juu ya yote. Matokeo yake ardhi ya nje iko juu kuliko sakafu ya ndani, na kila mvua inaingia msingini. Dawa yake ni majembe na vijana. Rudisheni ardhi kwenye usawa wake wa zamani, mlime mtaro unaopeleka maji mbali na ukuta. Nimeona kuta zilizokuwa zimeandikiwa kubomolewa zikianza kukauka kwa kazi hiyo peke yake, bila mfuko mmoja wa saruji.

Juu nako mpande. Kama bado kuna vigae vya Mangalore, vile vyekundu vilivyoletwa kutoka India, mhesabu vilivyovunjika na mtafute mbadala kwenye nyumba zinazobomolewa mjini Tanga kabla watu hawajavifanya kifusi. Paa litengenezwe kabla ya masika ya Machi, hata kama ni kwa turubai na papi za muda. Kamati nyingi huanza na rangi kwa sababu rangi inapigwa picha na kurushwa kwenye kundi, wachangiaji wakafurahi. Paa halipigwi picha. Lakini pesa yoyote mtakayoitia chini ya paa linalovuja mtaitia tena mwakani.

Sasa jambo ambalo sitaki mlifanye wenyewe: sakafu ya ghorofani. Boriti ya mkoko haivuki sana zaidi ya mita tatu, ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za Lamu na Unguja ni virefu na vyembamba. Darasa ni pana. Kwa hiyo wajenzi wa enzi za Mjerumani mara nyingi waliweka vyuma vya kubeba sakafu ya juu, na chuma kilichokaa pwani miaka mia na zaidi kimeshakula hewa ya chumvi. Simameni darasa la chini mtazame dari. Mkiona nyufa zilizonyooka, zinazokwenda sambamba kwa umbali unaolingana, juu ya kila ufa kuna chuma kilichoshika kutu, na chuma kikishika kutu hunenepa na kupasua kilichokizunguka. Bandikeni kipande kidogo cha lipu ngumu kukatisha ufa, mwandike tarehe juu yake. Kikipasuka, ufa unatembea. Hapo aitwe mhandisi wa majengo, aje na propu, yaani nguzo za muda za kuegemeza, na asikubali mtu yeyote ang'oe kitu kabla propu hazijasimama. Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 wakati ukarabati unaendelea na watu wakapoteza maisha. Jengo la zamani lina hatari zaidi siku linapoguswa kuliko siku zote lilizoachwa.

Tuje kwenye chokaa, maana najua mtauliza. Ile ya mfuko wa dukani mara nyingi inafaa kupaka miti na mawe ya barabarani, si zaidi. Tafuteni chokaa iliyochomwa kwenye tanuri kwa mawe ya matumbawe au ya chokaa. Huko Unguja na pwani ya bara wapo bado watu wanaopanga magogo ya mnazi kwa mduara, wakarundika mawe juu yake na kuyachoma hadi yawe meupe na mepesi. Chokaa hiyo ikishazimwa kwa maji, itieni kwenye mapipa, maji yasimame juu yake kiasi cha kiganja, mfunike, na msiiguse kwa miezi mitatu walau. Ikikaa zaidi ni bora zaidi. Ikiwa tayari huwa laini, inashika mwiko kama jibini, na huwezi kuifananisha na ile ya mfuko.

Mchanganyiko wa kawaida ni ndoo moja ya chokaa kwa ndoo tatu za mchanga. Mchanga uwe wa mtoni au wa shimo, uliooshwa. Wa ufukweni marufuku, hata kama ni wa bure na uko hatua kumi kutoka jengoni, kwa sababu mtakuwa mmeirudisha chumvi ile ile kwa mikono yenu. Namna ya kujua ni kuuonja. Ndiyo, ulimini. Vijana wa site watacheka, waacheni wacheke. (Mimi nimezoea. Nikifika site na baibui yangu na kofia ngumu kichwani, mkandarasi huchungulia nyuma yangu kumtafuta mhandisi.) Ukuta ulowanishwe kabla ya kupigwa, lipu ipigwe nyembamba, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lifunikwe magunia yaliyoloa kwa siku kadhaa lisikaukie juani. Chokaa haigandi kwa kukauka tu kama watu wanavyodhani. Inavuta hewa ya kaboni taratibu na kurudi kuwa jiwe, na bila unyevu kazi hiyo haifanyiki. Mkimaliza, pakeni chokaa nyeupe. Rangi ya mafuta isiingie tena getini.

Na saruji ya zamani msiing'oe yote kwa wiki moja kwa shangwe. Palipolegea itoke. Palipong'ang'ania jiwe, iacheni kwa sasa, maana mtaing'oa na jiwe lenyewe.

Kuhusu nyumba ya wageni, Mwalimu, mimi nasema hapana, na nitakwambia kwa nini ili ukawaambie wenzako. Kila darasa likizaa vyumba viwili vyenye choo, mtatoboa kuta nene za mawe mara kadhaa kwa kila chumba kupitisha mabomba ya maji safi na maji machafu. Bomba moja likivuja ndani ya ukuta wa matumbawe, mtalijua baada ya mwaka, kwa unga mweupe. Mtaongeza kuta za tofali juu ya sakafu ambayo haikupigiwa hesabu ya kuzibeba. Mwishowe mtakuwa mmekata kwa nusu kitu pekee ambacho jengo hilo linacho na fremu za maduka hazina: chumba kipana, kirefu kwenda juu, chenye madirisha makubwa yanayovusha upepo wa bahari bila feni. Mtapata wageni wachache, kwa sababu mgeni anayetaka choo ndani anataka pia kiyoyozi, na mpaka hapo mnashindana na gesti zilizojengwa kwa kazi hiyo.

Angalieni waliofanikiwa. Ngome ya Lamu ilikuwa jela hadi 1984. Leo ina makumbusho na maktaba. Forodha ya zamani pale Forodhani, Mji Mkongwe, ilikaa kwa miaka mingi chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA. Mahakama ya kale ya Mombasa imekuwa ukumbi wa maonyesho. Boma la Kale la Dar es Salaam, la zama za Sultani Majid, linaeleza historia ya majengo ya jiji. Hapo hapo mkoani kwenu, boma la zamani la Tanga mjini ni makumbusho, na watu wa shirika la Urithi Tanga wamelifanyia kazi kwa muda mrefu. Nendeni mkawatembelee kabla hamjamlipa mtu yeyote wa michoro. Katika yote hayo, kazi mpya ilifuata vyumba vilivyokuwepo.

Darasa linataka kubaki chumba cha watu wengi. Ghorofani wekeni maktaba na chumba cha kompyuta, mbali na unyevu wa ardhini. Chini kuwe na ukumbi wa kukodisha kwa harusi, semina na vikao vya vikoba, na darasa moja au mawili wapangishieni watu wa cherehani au wa masomo ya jioni. Vyoo vijengeni vipya nyuma ya jengo, vijitegemee, mabomba yasiguse ukuta wa kale. Jiko la mgahawa, kama mtauweka, likae nje pia. Nakubaliana na wenye hofu ya pesa: maktaba peke yake haitalipia vigae. Ukumbi utalipia, na maktaba itakuwa sababu ya watoto kuingia humo kila siku. Jengo linaloingiwa kila siku, mtu huona tone la kwanza la dari. Lenye ufunguo kwa mwenyekiti anayeishi Dar es Salaam linaoza kimyakimya, likiwa na rangi mpya.

Nimeacha la mwisho lile ambalo pengine lilipaswa kuwa la kwanza. Jengo ni la nani? Shule nyingi za misheni na za jumuiya zilichukuliwa na serikali kwa Sheria ya Elimu ya 1969, na karatasi za kabla ya hapo zikalala kwenye makabati ya watu. Yule tajiri wa Bagamoyo, Sewa Haji, alipojenga shule mwaka 1896 na kuikabidhi kwa Wajerumani, aliweka sharti kwamba isomeshe watoto wa rangi zote. Huenda na jengo lenu lina sharti la aliyelitoa, na ni vizuri mlijue kabla ya mwanasheria wa upande wa pili. Nendeni halmashauri, mkaombe waraka wa umiliki na mkataba wa maandishi wa matumizi, wenye miaka ya kutosha kurudisha jasho lenu. Bila hiyo karatasi, siku jengo likipendeza ndiyo siku mtakayoambiwa mtoke.

Msitegemee pia kwamba uzee wa jengo unalilinda. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Shule ya Mjerumani imechelewa hapo, kwa hiyo inahitaji kutangazwa rasmi. Pitieni kwa afisa utamaduni wa wilaya, mwandike barua ya kuomba jengo likaguliwe, na mbaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Barua hiyo ndiyo mtakayomwonyesha yule mwenye ndoto ya fremu.

SWALI: Assalamu alaykum. Sisi ni ukoo uliotawanyika, wengi tuko Muscat. Marehemu babu yetu alitoa nyumba yake ya Mji Mkongwe, Unguja, iwe chuo cha Qur'ani. Sasa imechakaa na watoto wamehamishwa. Tunataka kutuma pesa itengenezwe iwe kituo cha kazi za mikono cha akina mama. Mkandarasi ametuletea makadirio: dari zote zing'olewe, zimwagwe zege jipya lenye nondo. Ni sawa? – Mjukuu, Muscat

JIBU: Wa alaykum salaam. Makadirio hayo yakunjeni kwanza, maana mna maswali mawili yanayotangulia zege.

La kwanza ni la wakfu. Kama babu aliiweka wakfu kwa ajili ya chuo, sharti lake linawabana hata ninyi wajukuu, na pesa zenu hazilibadilishi. Aende mmoja wenu Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, aulize imeandikwaje. Mara nyingi kuna njia ya kati: ghorofa ya chini watoto wasome asubuhi, akina mama washone alasiri, na kodi ya duka la mbele itengeneze paa. Lakini njia hiyo ifunguliwe na wenye mamlaka ya wakfu, si na fundi.

La pili ni kibali. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na huwezi kung'oa dari humo bila ruhusa ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mkandarasi ambaye hajataja kibali kwenye makadirio yake amewaambia kila mnachohitaji kujua juu yake.

Na zege lenyewe: ni zito na ni gumu, ukuta wa matumbawe ni laini na hucheza kidogo kila msimu. Ukiutwisha bamba la nondo, ukuta ndio utakaopasuka. Boriti zilizooza ncha hubadilishwa moja moja, sakafu ikiwa imeegemezwa. Muulizeni mkandarasi ni boriti ngapi ameziona zimeoza na ziko chumba gani. Akishindwa kujibu, basi hakupanda juu. Pesa tumeni kwa awamu, kila awamu ilipwe baada ya mtu wenu asiye ndugu wa mkandarasi kukagua.

SWALI: Sisi ni vijana wa kujitolea, tunasafisha shule ya zamani karibu na Mombasa iwe kituo cha vijana. Bati za paa ni zile za kijivu nene, nyingi zimevunjika, tunazishusha kwa nyundo. Ndani tumekuta mabunda ya rejista za miaka mingi zilizoliwa na mchwa. Tuzichome? – Kijana, Mombasa

JIBU: Wekeni nyundo chini leo hii. Bati za kijivu nene za shule za zamani mara nyingi ni asbesto, iliyopigwa marufuku Kenya mwaka 2006, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Kuvunja ndiko kunakolitoa. Msifagie vipande vikavu, msivichome, msimpe mtu akaezekee banda la kuku. Fungeni eneo, watoto wasipite, mwende NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, mwelezwe nani ana leseni ya kuziondoa na zinazikwa wapi. Nguo mlizofanyia kazi zisikung'utwe ndani ya nyumba.

Rejista msizichome. Humo mna majina na tarehe za watoto wa mtaa mzima, na wapo wazee ambao hawana karatasi nyingine inayothibitisha walizaliwa lini. Zitoeni kivulini, mzikung'ute mchwa nje, mzipige picha ukurasa kwa ukurasa kabla ya kuzihamisha, na yeyote atakayezichukua, awe afisa elimu au mtu wa nyaraka za taifa, asaini kwamba amezipokea na ni ngapi.